Mama wa Mwezi wa Nane

Masumbwe, 16 Machi 2025

Dada Limi,

Shikamoo. Naiandika kabisa kwenye karatasi ili ukose namna ya kuikata. Maana simu yangu ukiiona inaita mpaka inachoka yenyewe, na mara mbili nimeambiwa na yule mama wa mtandao kwamba hupatikani, wakati Donatus konda kakuona stendi ya Shinyanga siku hiyohiyo unaongea nayo. Barua hii anakuletea Donatus mkononi. Ukiikataa atakusomea kwa sauti palepale stendi, nimeshamnunulia soda.

Sisi huku mhola, salama tu. Mguu wa Mama umepona. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, wote majike. Mimi biashara inakwenda na kurudi. Mwezi uliopita nilikuwa nauza mabuti ya wachimbaji, mwezi huu mvua imejaza maji kwenye maduara, hakuna anayeshuka chini kuchimba, wamekaa juu tu, basi nauza karanga kwa watu waliokaa. Mvua ikizidi nitauza mitumbwi.

Sasa neno lenyewe. Juzi nimeingia duka la dawa kununua panadoli, nikamkuta Mama ukutani. Ile kalenda ya shirika lenu unakopika chai. Mwenye duka kaifunua mpaka mwezi wa nane makusudi, ananiuliza, Maige, huyu si Mama Limi? Ni yeye. Kakaa chini mlangoni pa banda la mbuzi, miguu peku, kitenge kile cha kulimia, mkono shavuni. Maneno ya chini ni Kiingereza, na mimi niliishia darasa la nne la Kiswahili, kwa hiyo nikamwita mwalimu Davis. Kasoma mara mbili maana mara ya kwanza alidhani kakosea. Yanasema Bibi Neema, jina ambalo Mama hajawahi kuitwa, analala hapa na wajukuu wake wanne, na wanakula mara moja kwa siku.

Dada, banda la mbuzi. Nyumba ya Mama ya tofali za kuchoma, aliyoijenga kwa pamba yake mwenyewe misimu sita, iko hatua kumi kutoka hapo. Ukiikazia macho picha unaona kona ya bati inang'aa. Mbuzi wenyewe wamewatoa. Nadhani walikuwa wamenenepa mno.

Mimi ningecheka, unanijua, hata msibani nacheka. Lakini watu wameipiga picha hiyo picha, imeingia kwenye simu, na kijijini Mama haitwi tena Mama Limi. Anaitwa Mwezi wa Nane. Watoto wakimwona kisimani wanamuuliza, Mwezi wa Nane, leo umekula? Yeye ni mwenyekiti wa kinamama wa jumuiya mwaka wa kumi na moja huu, na sasa ni wiki ya tatu hajaenda kusali. Anasema mguu. Mguu nimekwambia umepona.

Ninachoomba ni kidogo. Waambie wakubwa wako waitoe kabla ya Agosti, maana ikifika Agosti kila ofisi itafunua ukurasa na Mama atakaa ukutani siku thelathini na moja. Na uniambie siku ile mpiga picha alifika na nani, na nani alimpeleka kwenye banda. Nikimuuliza Mama ananituma maji.

Mdogo wako,
Maige


Ngokolo, Shinyanga, 2 Mei 2025

Mdogo wangu Maige,

Marahaba. Nilipokea barua yako, kazi zilinizidi ndiyo maana nimechelewa. Sisi hatujambo. Blessing amekuwa wa tatu darasani, na mdogo wake ameacha kukohoa. Baba yao bado yuko Geita, na habari zake nazisikia kwa watu kama unavyozisikia wewe.

Kuhusu kalenda. Kalenda ni kitu cha kutafutia msaada, si cheti cha kuzaliwa. Wanaochangia wako mbali, wanahitaji kuona kitu kinachowagusa. Wewe kwenye biashara yako si huwa unawaambia wateja buti la plastiki ni la ngozi? Visima viwili vimechimbwa mwaka huu kwa sababu ya picha kama hizo. Watu wakishapata jingine la kusema wataacha. Mwambie Mama aende jumuiya.

Halafu nakuomba usipige tena simu ofisini. Wiki iliyopita ulimwambia katibu kwamba wewe ni mbuzi na unadai nyumba yako. Walinijua mara moja.

Nimemtumia Mama sukari na dawa ya kuchua.

Dada yako,
Limi


Masumbwe, 25 Mei 2025

Dada Limi,

Shikamoo tena. Sukari imefika, Mama kasema wabeja. Ile dawa ya kuchua kampa jirani.

Nimesoma barua yako mara tatu natafuta ulipojibu swali langu la nani alikuwepo. Nikaigeuza nikaangalia na nyuma. Hakuna. Dada, wewe ndiye uliyesoma mpaka kidato cha nne, mimi ndiye natakiwa nisahau maswali.

Basi nimefanya la kwangu. Si unajua wachimbaji wamekaa, na mtu aliyekaa anaharibika. Nimekusanya tisa, tumeanzisha maigizo. Mazoezi tunafanya nyuma ya karasha, na mashine ikianza kusaga mawe tunaigiza kibubu. Igizo linaitwa "Ondoa." Masele, yule wa ndevu, ndiye Mama. Ngassa ndiye mpiga picha, kamera yake ni boksi la sabuni lenye kopo mbele.

Linakwenda hivi. Mpiga picha anafika kwa bibi mmoja. Bibi anamkaribisha, anamtolea kiti. Jamaa anasema, kizuri, ila kiondoe. Bibi analeta chupa ya chai. Ondoa. Redio. Ondoa. Sola. Ondoa. Analeta kochi lenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, wanalibeba watu wawili, ondoa. Wajukuu wanatoka shule na sare safi, anaambiwa awaondoe hao kwanza, wamenawa. Mwisho bibi kabaki yeye na banda, na anacheka, maana kwake ni vituko. Hapo Ngassa anashusha boksi anamwambia, "Mama, funga mdomo. Wafadhili hawachangii meno."

Watu wanaanguka, dada. Tumejaribu mara moja tu pale gulioni na mama mmoja kamwaga dagaa zake kwa kucheka. Lakini likiisha hawaondoki. Wanakaa wanaanza kusemana. Mzee mmoja kasema mwanawe kapigwa picha hivyohivyo akiwa na jembe bovu wakati trekta limesimama nyuma yake. Binti mwingine kasema wa kwake waliambiwa wavue soksi. Yaani kila mtu ana mwezi wake kwenye kalenda.

Kinachonisumbua ni sehemu moja. Lazima awepo mtu anayemwonyesha mpiga picha banda, mgeni hawezi kulijua mwenyewe, liko nyuma. Mimi nimeweka mtendaji wa kijiji, kwa sababu watu wako tayari kuamini lolote kuhusu mtendaji. Lakini mtendaji mwenyewe kanijia kwangu, kaniapia kwamba siku ile alikuwa Kahama kwenye harusi, na picha za harusi kanionyesha. Sasa nani? Wewe unafanya kazi nao.

Mama bado haendi jumuiya.

Maige


Ngokolo, 19 Juni 2025

Maige,

Sitaandika salamu nyingi. Watoto wazima.

Donatus ameniambia mnataka kuigiza Masumbwe uwanjani baada ya mavuno. Ujue kwamba tarehe 26 Julai, Jumamosi, wageni wa shirika kutoka nje watakuwa uwanja huohuo. Kuna kikundi cha mjini kimeandaliwa kuwaonyesha maisha ya kijijini. Mimi nitakuja kupika.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane. Mkurugenzi ametuambia wote kwamba ziara hii ikiharibika atajua nani hakusaidia. Anajua wewe ni nani, ulijitambulisha vizuri. Nina watoto wawili na chumba cha kupanga, Maige. Wewe ukiharibikiwa unauza karanga, kesho yake mabuti. Mimi nina sufuria moja tu, na ni yao.

Igizeni siku nyingine yoyote. Igizeni mwezi wa kumi na mbili. Na hicho unachouliza acha kukiuliza, hakikusaidii wewe wala Mama.

Limi


Masumbwe, 6 Julai 2025

Dada Limi,

Shikamoo. Kwa mara ya kwanza nakuandikia sina utani, kwa hiyo barua itakuwa fupi.

Nilikubali kuhamisha siku. Kweli kabisa. Nilikwenda kwa mzee Nkwabi anayesimamia ngoma za mavuno, nikamwambia sisi tunajitoa, tarehe 26 wana uwanja wageni. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema vikundi viwili siku moja ndiyo mchezo wenyewe, tangu babu zetu, ngoma ya Bagika upande huu na ya Bagalu upande ule, wote mnaanza pamoja, na miguu ya watu ndiyo inaamua. Waliobaki bila watu wameshindwa. Hakuna jaji, hakuna barua ya kuomba. Akasema kujitoa ukishatajwa ni kukubali kwamba dawa yako ya kuvuta watu imeoza, na ameshatutaja.

Nikaenda kwa Mama, nikijua yeye atanizuia kwa ajili yako. Nikamsomea barua yako, ile ya sufuria. Halafu akasema Masele anatembea kama ng'ombe mwenye mimba, hajawahi kuona mwanamke anatembea hivyo, na kwamba nafasi ya Mama ataigiza mwenyewe.

Dada, mimi sina ujanja wa kumkatalia. Ndiyo mara ya kwanza tangu Machi anataka kusimama mbele ya watu. Zimebaki siku ishirini. Kama kuna kitu unakijua kuhusu banda lile, niambie mimi kabla hajasimama.

Maige


Masumbwe, 29 Julai 2025

Dada Limi,

Shikamoo. Nilingoja jibu mpaka asubuhi ya tarehe yenyewe, Donatus akashuka mikono mitupu. Basi.

Najua ulikuwepo, nilikuona kwenye turubai la wageni na sufuria zako. Lakini ulikuwa ng'ambo ya uwanja na spika zile zinapiga kelele, huenda hukusikia yote. Nakuandikia ulichokosa.

Kikundi chenu walianza na njaa. Mtoto analia, mama analia, baba mlevi. Wanajua kulia wale, siwanyimi sifa. Sisi tulianza na kiti. Mpaka tumefika kwenye redio, watu walikuwa wanavuka uwanja mmojammoja. Tulipoleta kochi wakavuka kwa makundi, kinamama wameshika viatu mkononi wasipitwe. Wale waigizaji wenu nao, yule baba mlevi alikuja upande wetu na chupa yake, akabaki mtoto analia peke yake, naye akaacha.

Ng'ambo mkabaki ninyi na wageni. Kwetu hiyo ni aibu, mtu aliyeachwa hivyo huondoka na ngoma zake kimyakimya. Wageni walisimama wakapiga makofi. Walidhani watu wamesogea kwa heshima ili wao waone vizuri.

Tukafika pale pa mtendaji. Masele ndiye kapewa umtendaji. Kainua mkono amwonyeshe Ngassa banda, na Mama akamshika ule mkono akaushusha. Haikuwa kwenye mazoezi. Akamwambia, "Kaa, Masele. Wewe hukuwepo." Halafu akawageukia watu: "Aliyenivua viatu siku ile namjua, nimemzaa. Aliniambia ni picha ya faili la ofisi. Mimi nilikaa pale kwa sababu yeye aliniomba. Jina sitalitaja."

Tukasikia hata jenereta la spika zenu. Dada, Mama ana watoto wawili, na mmoja alikuwa amesimama pembeni na kile kiti kilichoondolewa kama mpumbavu.

Halafu mama mmoja wa jumuiya, yule mnene muuza vitenge, akapaza sauti akasema, Mama Limi, endelea. Na wengine wakasema Mama Limi. Kwa hiyo jina amerudishiwa, ni hilohilo lenye wewe ndani, sina la kufanya.

Ungekuwa umebaki ungeona na kichekesho cha mwisho. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuja analia kweli, ana huruma yule, sikufichi. Mkalimani akasema amependa sana igizo, wanataka kulirekodi wakaonyeshe kwao. Ila wataanzia pale mwishoni, penye banda. Hayo mengine ni marefu. Na kama Mama atakubali kuvua viatu. Mama akauliza huyu mgeni anajua mimi naitwa nani. Mgeni akafurahi, akajibu mwenyewe bila mkalimani, "Neema." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Na yule mpiga picha wao, dada, naapa, akashusha kamera akangoja amalize.

Wenzangu wanne wanataka tukubali. Wanasema angalau tutaonekana. Nimegombana nao. Nimechoka. Tumesema kitu kile mbele ya watu elfu, na mtu aliyekuwa mstari wa mbele kasikia kinyume chake. Na wewe ulikuwa unajua toka Machi.

Sitakuuliza tena kitu.

Maige


Ngokolo, 24 Agosti 2025

Mdogo wangu Maige,

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Nilisikia kila neno uwanjani. Yule fundi wa spika alizima mapema, watu wao walipokwisha.

Ni mimi. Mpiga picha, kijana wa Dar, alitaka kumpiga Mama mbele ya nyumba, kwenye kiti, anacheka. Ofisini walikuwa wamesema watafute familia yenye uhitaji, nami nilikuwa kibarua wa siku, nikasema ninayo moja. Tulipofika nikaona ile nyumba ilivyo nzuri, nikaogopa wataniita mwongo. Nikamwambia banda liko nyuma. Nikamvua Mama viatu vyake vya kanisani, vile vyeusi vya kifungo, nikavishika nyuma yangu muda wote anapigwa. Hilo jina la Neema ni mimi nililitoa, nikidhani likiandikwa jina jingine hatakuwa yeye. Mwezi uliofuata nikapewa mkataba.

Sikujua kalenda watazitundika huku. Nilidhani zinakwenda zote ng'ambo.

Ulidhani wamenifukuza? Wameniongezea mwaka mmoja. Mkurugenzi amesema ziara ilifana sana, wageni wameguswa. Nilipomwomba waitoe picha ya Mama akanijibu kwa upole kabisa kwamba Agosti inaisha yenyewe. Niliondoka pale nikaenda kuwapikia. Nimechana ile kalenda ya jikoni. Ya mapokezi bado ipo, ninaipita kila nikipeleka chai.

Mkataba mpya uko mezani hapa, sijausaini. Nimeongea na mama mmoja wa hapa Ngokolo anayetafuta mtu wa kupika naye chakula cha mafundi. Sijui. Watoto wanataka sare mpya.

Donatus anasema mnakwenda kuigiza Bugarama mwezi ujao. Mtendaji mtoeni, hakuwepo. Nafasi ya binti niachieni mimi, nitaisema mwenyewe mbele ya watu. Mwambie Mama.

Limi


Masumbwe, 2 Septemba 2025

Dada Limi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kumpelekea Mama. Nilikuwa natafuta namna ya kukutukana na mkubwa hatukanwi, ndiyo shida ya kuzaliwa wa pili. Kwa hiyo nimeuza mabuti kwa hasira, na nimeuza mengi kuliko kawaida.

Ile kazi ya kurekodi tumekataa. Nikisema tumekataa, maana yake nimekataa, na wawili wamehama kikundi. Wamebaki saba. Hao wanaotaka kuonekana na waonekane.

Jana nimemsomea Mama yote, hata pale pa viatu, nikataka kuparuka akasema rudi, soma. Hakulia. Aliendelea kuchambua choroko mpaka ungo ukaisha. Nikamuuliza nikujibu nini kuhusu Bugarama, kwamba unataka ile nafasi. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza kitu.

"Mwambie uwanjani watampigia makofi. Aje kwanza pasipo na makofi."

Nikamuuliza wapi huko. Akasema jumuiya ni Alhamisi ya tarehe 11, saa kumi, zamu ya kukutana ni ya nyumba yake. Kinamama kumi na wanne. Aje aseme aliyoyaandika, kwa mdomo wake, wamekaa sebuleni kwenye yale makochi, akimaliza wasali, aondoke au abaki. Mambo ya Bugarama yataongewa baada ya hapo, au hayataongewa.

Nilidhani nitakaa karibu yako, nikusaidie pakiwa pagumu. Nilishaanza hata kufikiria la kuwachekesha. Mama kanikataza nisikanyage siku hiyo. Anasema mimi nikiwepo watacheka, na wewe utapona kabla hujasema.

Donatus atakushikia kiti cha dirishani Alhamisi asubuhi. Nimemwambia asiongee na wewe njiani.

Mdogo wako,
Maige